Naweza kujenga gereji kwenye kiwanja cha nyumba ya urithi iliyohifadhiwa? Naomba ushauri

Nyumba_Kongwe aliandika:

Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie mawazo mana hili jambo limenizungusha miezi sasa na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Mimi na mke wangu tunaishi kwenye nyumba aliyotuachia baba yake, nyumba ya zamani ya ghorofa moja, kuta nene za mawe na chokaa, milango ya mbao mizito ile ambayo ukiifunga makelele ya nje yote yanakatika. Ipo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, kwahiyo hata dirisha hatubadilishi hivihivi tu. Hilo hatuna ugomvi nalo kabisa, nyumba tunaipenda na tunataka watoto waikute kama tulivyoikuta sisi.

Shida ni magari. Tunayo mawili na yote yanalala nje, jua lao mvua yao. Alafu mama mkwe anaishi na sisi, anatembelea fimbo, na kutoka gari linaposimama mpaka mlangoni ni hatua kama arobaini juu ya mawe yanayoteleza, msimu wa mvua uliopita alianguka akaumia nyonga. Tangu siku hiyo nimesema lazima gereji ijengwe. Sio gereji ya mafundi jamani, nasema banda la kulaza magari.

Nimepima, ukiingia getini upande wa kulia kuna nafasi ya mita 9 toka ukuta wa nyumba mpaka uzio. Nilitaka hapo niweke gereji ya mita 6 kwa 6, uso wake uende sawa na uso wa nyumba. Fundi wangu anasema kwa kuwa nyumba yenyewe hatuigusi basi watu wa urithi hawatuhusu, kibali cha kawaida cha ujenzi kinatosha. Anasema pia tuijenge ifanane na nyumba kila kitu, matao yaleyale, nakshi zilezile, mtu akipita ajue ilikuwepo tangu mwanzo. Na nyuma ya nyumba kuna stoo ya zamani paa limebonyea, tunaweka humo vitu vibovu, yeye anataka tuibomoe tupate mawe ya kujengea.

Mke wangu hana raha na huu mpango lakini hawezi kueleza ni kipi hasa kinamkera. Je fundi yuko sahihi? Na kama sio, naanzia wapi?

Ramani_Mkononi alijibu:

Mkuu, kabla ya kitu kingine chochote mwambie fundi asiguse hiyo stoo. Hata jiwe moja asing'oe. Nitakueleza kwanini.

Kazi yangu ni kuchora ramani na majengo ya zamani nimeshayafanyia kazi mengi, na kosa analofanya fundi wako ndo kosa ninalokutana nalo kila siku, kudhani kinacholindwa ni kuta peke yake. Sio hivyo. Tangu Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao ndo wataalamu wa majengo ya kale duniani wameuegemea mpaka leo, ilishasemwa kwamba jengo la kale halitenganishwi na mazingira yake, na nyongeza yoyote isivuruge uwiano wa jengo na vinavyolizunguka. Sheria za nchi nyingi zinafuata njia hiyohiyo. Uingereza kwa mfano, banda ambalo kwenye nyumba ya kawaida ungelijenga bila kuomba, kwenye kiwanja cha nyumba iliyoorodheshwa lazima uombe kibali cha mipango miji. Na vibanda vya zamani vilivyokuwepo kwenye kiwanja kabla ya tarehe 1 Julai 1948 kwa kawaida vinahesabiwa ni sehemu ya nyumba inayolindwa, ukibomoa bila ridhaa unaweza kushtakiwa kwa jinai. Marekani ni tofauti kidogo, nyumba kuwa kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria peke yake hakumzuii mtu anayejenga kwa hela yake, anayembana ni kamati ya urithi ya mji wake, na kamati hizo nyingi zinaangalia mpaka uzio na njia ya gari. Kwahiyo sheria ya kwenu isome kwa macho yako, uliza maandishi ya siku nyumba ilipoorodheshwa yanasemaje, yametaja nyumba tu au na kiwanja na vilivyomo. Karatasi hiyo ndo ya kwanza kuitafuta, hata kabla ya ramani.

Sasa sehemu unayotaka kujenga. Mi naona mke wako anakerwa na hapo, hata kama hajapata maneno yake. Gereji ya magari mawili ikipangwa sawa na uso wa nyumba inakuwa uso wa pili. Mtu akifungua geti macho yanaenda kwenye mlango mpana wa gari badala ya kwenda kwenye nyumba. Kiumbe kikubwa kinachofunguka mita 5 kwa upana, pembeni ya nyumba ambayo mlango wake wa mbele hauzidi mita moja na kitu, hata ukikipaka nakshi za dunia nzima nyumba itaonekana imesukumwa kando.

Fanya kitu kimoja ambacho hakina gharama. Tafuta miti minne mirefu, au mabomba, simamisha kwenye kona nne za gereji unayoiwaza, kwa urefu halisi wa ukuta, alafu funga kamba juu kuzunguka, na mti wa tano katikati ufike pale kilele cha paa kitakapokuwa. Tundika shuka kuukuu kwenye hizo kamba upande wa mbele. Alafu toka nje, simama barabarani, simama getini, simama kwenye dirisha la chumbani, piga picha kila sehemu. Mimi siwasilishi ramani ya nyongeza kwenye nyumba ya zamani bila kufanya hivyo, mana kwenye karatasi mita 6 ni mstari tu, lakini ukiona shuka linapepea mbele ya dirisha lililokuwa linaona bustani unaelewa hapohapo. Wanaotoa vibali nao wanapenda hizo picha kuliko maneno.

Na kuhusu kufanana kila kitu. Najua fundi ana nia njema, lakini wataalamu wa urithi wengi watakurudishia hiyo ramani. Kanuni ni kwamba kipya kitambulike kuwa ni kipya, ila kiendane na cha zamani kwa ukubwa, mteremko wa paa, rangi na aina ya vifaa. Viwango wanavyotumia Marekani kwa majengo ya kihistoria vinasema hivyo wazi, na vinaongeza kwamba nyongeza iwe ya kuweza kuondolewa siku moja nyumba ikabaki kama ilivyokuwa. Ukiiga nakshi unawadanganya wanaokuja nyuma yako, mjukuu atashindwa kujua kipi alijenga babu wa babu yake na kipi ulijenga wewe. Gereji ya ukuta wa kawaida usio na mapambo, paa la mteremko uleule, iliyo chini kuliko nyumba na imerudi nyuma, inaiheshimu nyumba kuliko ile ya matao ya kuiga.

Kama lazima iwe ya magari mawili basi weka milango miwili ya mita 2.5 hivi kila mmoja na nguzo katikati, usiweke mlango mmoja mpana. Na ikae peke yake isishikane na nyumba, mana ukishikanisha utatoboa ukuta wa zamani, utaleta moshi wa gari ndani, na siku ikitokea moto unaingia moja kwa moja kwenye zile mbao za miaka yote.

Chokaa_na_Mchanga alijibu:

Mkuu Ramani kaongea vizuri sana, mi naongezea ya chini ya ardhi mana ndo kwenye kazi yangu, uashi wa kuta za zamani.

Nyumba kama yako msingi wake mara nyingi ni mfupi, unaweza ukakuta mawe yamepangwa tu kwenye mtaro wa nusu mita na yamekaa hapo yametulia kwa sababu udongo wa pembeni haujawahi kuguswa. Ukija na msingi wa kisasa ukachimba mita moja na nusu karibu na hapo unaupokonya ukuta kitu kilichokuwa kinaushikilia. Kipimo cha haraka tunachotumia ni hiki, toka kitako cha msingi wa nyumba vuta mstari unaoshuka kwa nyuzi 45 kwenda nje, shimo lako lisikate mstari huo. Maana yake kama msingi mpya unazidi wa zamani kwa mita moja kwenda chini basi uwe mbali angalau mita moja, na mimi kwenye mawe na chokaa huwa nazidisha mara mbili. Wewe una mita 9, ukitoa 6 zinabaki 3, na bado hujaweka nafasi ya uzio wala ya mtu kupita. Kabla ya kuchora msingi chimba kishimo kidogo kwa mkono pembeni ya ukuta uone wa zamani umeishia wapi. Na hicho kishimo chenyewe uliza kwanza kama unaruhusiwa, sehemu nyingine ardhi ya nyumba hizi inahesabiwa kuwa na mabaki ya kale.

Alafu maji. Hapa ndo watu wanaharibu nyumba bila kujua. Paa la gereji yako na kingo zake zinazotokeza nje ya kuta litakuwa kama mita za mraba 40. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwahiyo mvua ya milimita 50 inakushushia lita 2,000 mahali ambapo zamani maji yalikuwa yananywewa na udongo. Yanaenda wapi hayo? Kama yanaelekea kwenye ukuta wa nyumba umekwisha. Ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaingia na unatoka kupitia kwenye chokaa, ila ukiumwagilia kila mvua hauwahi kukauka, plasta inaanza kuvimba, chumvi inatoka nje nyeupenyeupe kama unga, mbao za sakafu zinaoza toka miguuni. Weka gata, weka bomba, peleka maji mbali na nyumba na gereji pia.

Na usimwage zege mpaka kwenye ukuta wa nyumba kwa ajili ya njia ya gari. Nimeshaitwa kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikuwa analalamika ukuta unaloa mpaka usawa wa goti tangu aweke sakafu nzuri ya zege nje. Nilisimama pale mvua ikinyesha nikamwonesha, matone yanapiga zege yanaruka yanaupiga ukuta, tap tap tap, mstari wa tope umejichora kabisa usawa huohuo wa goti. Na unyevu wa chini uliokuwa unatokea kwenye udongo zege limeufungia, umebaki na njia moja tu, kupanda ukutani. Tulikata zege lote upana wa mita moja, tukajaza kokoto, ukuta ukachukua muda mrefu sana kukauka lakini ulikauka. Kwahiyo njia ya gari iwe ya kokoto au mawe yaliyopangwa bila saruji, na pembeni ya ukuta acha nafasi.

Hiyo stoo pia kama mtaikarabati msiruhusu mtu aje na saruji. Chokaa kwa chokaa. Saruji mara nyingi ni ngumu kuliko mawe yenyewe ya zamani, ukuta ukicheza kidogo jiwe ndo linapasuka badala ya kiungio.

Tulibomoa_Tukajenga alijibu:

Mimi nakuja na yaliyonikuta ili yasikukute. Na sisi fundi alituambia maneno hayohayo, nyumba hamuigusi endeleeni. Tukajenga banda la gari zuri tu pembeni. Kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, mafundi wamepanga mbao za paa pale chini, akaja mtu na karatasi ya kusimamisha kazi. Nilibishana sana, nikaenda ofisini kwao nikapeleka kibali cha kawaida, wakasema hicho hakitoshi. Tulizunguka zaidi ya mwaka, mwisho wakatwambia turudishe kiwanja kama kilivyokuwa. Siku ya kubomoa mtoto wangu alikuwa anaokota matofali mazima anayapanga pembeni akisema tutayatumia tena, sikuweza kumwangalia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulipoomba upya kwa utaratibu, tukaisogeza nyuma na kuipunguza, walikubali bila shida. Afisa mmoja alinambia kabisa mngekuja mwanzoni tungewaonesha pa kuweka. Kwahiyo mkuu wala usiwaogope. Nenda kabla hujalipia ramani kamili, nenda na mchoro wa mkono na picha, waombe ushauri wa awali, na chochote watakachosema waombe kwa maandishi. Na hizo picha piga nyingi, kila upande wa kiwanja, sisi hatukuwa na hata moja ya kuonesha kulikuwaje kabla.

Kivuli_cha_Mti alijibu:

Samahanini naingilia. Mmeongelea gereji vizuri lakini mama mbona tumemsahau? Mleta mada amesema sababu kubwa ni mama mkwe kuanguka. Sasa hata hiyo gereji ya mita 6 kwa 6 ikijengwa, isishikane na nyumba kama mkuu Ramani alivyosema, mama bado atashuka ndani ya gereji alafu atembee mvuani mpaka mlangoni. Ikisogezwa nyuma ndo atatembea zaidi.

Mi nilimlea bibi yangu mpaka mwisho najua hizo hatua. Anachohitaji mama ni gari limsogelee mpaka kwenye mlango, sehemu ya kukanyaga isiteleze, kitu cha kushika, na kivuli kidogo juu. Angalieni kama kuna mlango wa pembeni ambao gari linaweza kufika. Hayo mawe yanayoteleza yanaweza kuinuliwa moja moja yakapangwa upya na mteremko mzuri, au yakachongwa kidogo juu yashike, bila kuleta kitu kigeni kabisa. Kishikio cha chuma kiwe na miguu yake ardhini kisitobolewe ukutani. Hiyo unaiombea kibali chake chepesi na pengine ikaisha mapema, gereji ikaja kwa wakati wake. Mama asisubirie gereji.

Na kama kuna mti mkubwa hapo kiwanjani tafadhali uhesabuni. Mizizi mingi ya mti iko kwenye sentimita 60 za juu na inakwenda mbali kuliko matawi. Sio kuchimba tu, hata gari kupita hapohapo kila siku linaushindilia udongo mizizi inakosa hewa, mti unakufa polepole miaka kadhaa baadae na hakuna anayejua umekufa na nini.

Nyumba_Kongwe aliandika:

Wakuu nimerudi. Asanteni sana, nimesoma kila neno na mke wangu nimemsomea.

Juzi tulifanya ile ya miti na kamba. Tulisimamisha miti minne, nikapanda ngazi nikafunga shuka, mke wangu akaenda kusimama getini. Alikaa kimya alafu akasema "dirisha la baba halipo". Ni lile dirisha la pembeni alikokuwa anakaa mzee jioni, ukiingia tu getini lilikuwa la kwanza kuliona, na shuka limelifunika lote. Hapo ndo na yeye akajua kilichokuwa kinamkera. Sehemu ile tumeifuta kabisa.

Alafu tukaingia kwenye stoo na tochi, tukatoa vitu. Ndani ni mita 3.4 kwa 5.2, mlango ni mita 2.1. Ukutani kuna pete za chuma tatu zimepigwa ndani ya mawe usawa wa kifua, na sakafu ina mfereji mwembamba uliochongwa kwenye jiwe unaoelekea nje. Mke wangu anasema ni banda la farasi. Miaka yote tumeweka humo magodoro mabovu.

Swali langu sasa, je gari linaweza kulala humo? Na mlango unaweza kupanuliwa kidogo?

Ramani_Mkononi alijibu:

Umeona sasa kwanini nilisema asiguse. Pete na mfereji vipigeni picha na kipimo pembeni, vitawasaidia sana kwenye maombi.

Kuhusu mlango, usiupanue. Gari la kawaida lina upana wa mita 1.8 hivi, na vioo vya pembeni linafika 2 au linazidi, kwahiyo kwenye mlango wa 2.1 dogo litapita kwa shida na kubwa halipiti. Hata likiingia, kwenye urefu wa 5.2 na upana wa mita 3.4 nafasi ya kufungua milango na kuzunguka gari itakuwa finyu. Mawazo yangu ni kwamba stoo muikarabati kwa chokaa paa lisimame, itunze gari dogo kama mtaweza kuishi na huo ubanaji, na kama hamuwezi basi iwe stoo ya heshima. Gari la pili, au yote mawili, lijengewe banda la wazi nyuma ya hiyo stoo, nguzo za mbao juu ya vitako vya mawe, bila kuta, bila mlango, paa lake liwe chini ya paa la stoo. Toka getini halionekani, msingi wake mdogo, na siku mjukuu akilichoka analifungua kwa spana. Kwa mnaowaza gari la umeme huko mbele, mtaro wa waya na wa bomba la maji ya mvua vichimbwe mara moja, ardhi isichimbuliwe mara mbili.

Nyumba_Kongwe aliandika:

Nimekuelewa mkuu. Banda la wazi hata halikuwa kichwani mwangu, mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kuta na mlango.

Fundi nilimwita tukakaa nae, mwanzoni alinuna, nikampeleka ndani ya stoo nikamwonesha zile pete. Alizishika, akasema huu uashi sio wa mchezo, ameomba awepo siku ya mtu wa chokaa ili ajifunze. Mti upo mmoja mkubwa nyuma, tumepima matawi yanaishia mita 4 kabla ya stoo, tutalikwepesha banda upande wa pili.

Ya mama tumeianza kwanza kama ulivyosema ndugu Kivuli. Mlango wa jikoni uko pembeni na gari linafika mpaka hatua sita hivi. Barua ya kuinua na kupanga upya mawe pamoja na kishikio nimeipeleka jana na picha kumi na nne, wamesema watakuja kuangalia wiki ijayo na nikawaomba waangalie na stoo hukohuko. Wakishakuja nitaleta mrejesho hapahapa, na mchoro wa banda nitauweka mnikosoe kabla sijaupeleka.